Mkwe Wangu na Injini Chafu

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu amenipa daftari hili na kalamu mbili. Anasema daktari wa mazoezi ameshauri niandike kila siku jinsi nyonga inavyoendelea, ili tujue kama nafuu inakuja au inarudi ilikotoka. Nyonga inauma. Habari za nyonga zimekwisha.

Leo natimiza siku kumi na moja katika nyumba hii. Nimewekwa chumba cha mbele, na dirisha lake linatazama pale gari linapoegeshwa. Nilikuwa fundi wa magari miaka arobaini na mmoja. Nimelala chini ya malori yaliyojaa shehena, nimening'iniza injini kwa minyororo iliyochoka, na sikuvunjika hata ukucha. Kilichonivunja nyonga ni kipande cha sabuni bafuni. Nikilifikiria jambo hilo najidharau, kwa hiyo naona heri nimfikirie mkwe wangu.

Mkwe wangu ni karani katika ofisi ya ardhi. Anapiga pasi kila kitu: shati, suruali, leso ya kufutia pua. Juzi nimemwona kwa macho yangu akipiga pasi soksi. Moyoni nimempa jina la Bwana Pasi. Ana gari dogo la zamani ambalo hulifuta kila asubuhi mpaka ukijitazama mlangoni unaweza kunyoa ndevu. Leo alifungua boneti aongeze maji, nami nikaiona injini. Imevaa koti la grisi na vumbi, nene kiasi kwamba ukitupa punje ya mahindi itaota. Huyo ndiye mwanamume aliyemwoa binti yangu. Juu anang'aa, chini ya boneti usiulize.

Jumatano, 6 Machi

Mvua zimeanza. Nyonga inauma.

Ijumaa, 8 Machi

Tukiwa mezani nilimwambia, "Mkwe, gari lako linanuka mafuta yanayoungua. Linavuja mahali."

"Wapi, Baba?"

"Nani atajua? Injini imejaa uchafu hivyo itamwonyesha nani kitu? Mtu angeniletea injini kama ile karakana kwangu, ningemrudishia getini."

Akaweka kijiko chini, akatikisa kichwa taratibu kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari lenye alama nyekundu. Binti yangu alinikata jicho. Mimi nikaendelea kula. Nilitaka angalau anuke hasira kidogo, nijue kuna mtu ndani ya lile shati. Hakuna. Alisema tu, "Nimekuelewa, Baba," na akanisogezea chumvi.

Jumamosi, 9 Machi

Alikuja chumbani kwangu asubuhi na kijidaftari na kalamu. Akabaki amesimama mpaka nikamwambia akae.

"Baba, nilikuwa nataka kukuuliza. Injini inaoshwaje?"

Nilikuwa nasoma gazeti la wiki iliyopita. Sikulishusha. "Kwa maji," nikamjibu.

Alingoja. Nadhani alidhani kuna la ziada linakuja. Lilipokosa kuja, akaandika. Naapa aliandika. Ukurasa mzima, maneno mawili. Kisha akasema "Ahsante, Baba," akatoka, akafunga mlango polepole usinibughudhi.

Nimecheka hadi nyonga ikanikanya.

Jumanne, 12 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Daktari wa mazoezi amekuja. Ni kijana mwenye mikono laini kama ya mtoto wa wiki, ananiambia niinue mguu "kwa upendo". Nimeuinua bila upendo.

Jumapili, 17 Machi

Leo jua limetoka, na mimi nimepata sinema.

Jirani wa upande wa kushoto ni mstaafu. Sijui alistaafu kazi gani, maana anazijua zote. Nimemwita Mjuaji. Amempa Bwana Pasi mashine yake ya kuoshea kwa presha, ile inayobandua hata rangi ya ukuta. Bwana Pasi alikuwa ndiyo kwanza amerudi sokoni, injini inatokota. Akafungua boneti, amevaa shati lililopigwa pasi, akaelekeza bomba.

Nilikaa dirishani na kikombe cha chai, nikawa nahesabu makosa yake kwa vidole. Injini ya moto, unaimwagia maji baridi: moja. Betri hajaichomoa: mbili. Alteneta ya kuchaji betri, sanduku la fyuzi, koili za plagi, mdomo wa kuvutia hewa, vyote viko uchi, wakati mifuko miwili ya nailoni na mpira wa kufungia vingetosha kuvifunika: tatu, nne, tano, sita. Hana sabuni ya kulainisha grisi: saba. Presha ya kuulia nyoka: nane. Mvuke ulimfunika, akapotea, nikabaki nasikia sauti ya Mjuaji kutoka uani kwake, "Karibu zaidi, karibu zaidi, usiiogope."

Vidole viliniishia kabla yeye hajachoka.

Alipojaribu kuliwasha gari, halikuwaka. Lilikohoa mara tatu, likanyamaza. Akafunga boneti kwa heshima, kama anayefunika maiti. Alipopita dirishani kwangu alinisalimia.

Jumatatu, 18 Machi

Sikujua kwamba leo binti yangu alikuwa na usaili. Nitaandika kweli: labda niliambiwa, sikusikiliza. Ni muuguzi kwa miaka tisa, na nafasi ya muuguzi mkuu wa wodi ilitangazwa. Saa mbili kasoro asubuhi gari bado lilikuwa limekufa na mvua imeshika. Walitafuta teksi, hakuna. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaenda kwa miguu.

Alirudi saa tano, nguo zimemganda mwilini. Tulikuwa sebuleni sote wawili, maana Bwana Pasi alikuwa ameomba ruhusa kazini ahangaike na gari.

"Nimefika wameshamwita wa mwisho," akasema. "Wameniambia labda mwakani."

Kisha akamgeukia mumewe. "Kwa nini uliliosha jana? Kwa nini jana, kati ya siku zote? Na kwa nini hukumuuliza anayejua? Mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote amelala chumba cha pili."

Nikashika gazeti vizuri. Nilijua sasa atasema. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Nimekosa," akasema Bwana Pasi. Akaenda kumletea taulo.

Hakunitaja. Wala hakunitazama. Nimelala kitandani mchana huu nikijiambia kwamba ndivyo watu dhaifu walivyo, wanabeba hata lisilo lao kwa sababu hawana nguvu ya kulitua.

Jumatano, 20 Machi

Gari limekauka, limewaka lenyewe. Grisi iko palepale. Maji peke yake yaliitia tope tu.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Binti yangu anaongea nami kuhusu dawa na chakula. Kwa mumewe haongei kabisa.

Alhamisi, 28 Machi

Mjuaji alikuja kunijulia hali. Kwa muda wa chai moja amenieleza jinsi ya kutembea na magongo, jinsi ya kupika wali usioshikana, na kwamba grisi ya injini haina dawa kama petroli. "Inakula uchafu wote, mzee mwenzangu. Dakika tano."

Nilimwangalia meno yake ya bandia yakicheza. Sikumjibu. Sijibizani na watu wa aina ile, ni kupoteza mate. Alipotoka nikamsikia barazani anazungumza na Bwana Pasi.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Ukungu umeota ukutani juu ya kitanda. Nimetembea hadi mlangoni na gongo moja.

Jumamosi, 6 Aprili

Nataka kuandika leo hii hii kabla sijaanza kujipamba.

Mvua ilikatika kama saa nne. Bwana Pasi alirudi kutoka kumpeleka mkewe dukani. Binti yangu akaingia jikoni na vitu, yeye akabaki nje, akafungua boneti. Nikamwona anatoka nyuma ya nyumba na galoni ndogo na brashi ya rangi. Nilidhani ni mafuta ya taa. Nayo ni ujinga, lakini ni ujinga wa polepole. Nikavuta kiti dirishani.

Akachovya brashi, akaanza kupaka. Betri iko mahali pake, haijachomolewa. Injini imezimwa dakika tatu zilizopita, nilikuwa naona joto likicheza juu yake. Ndipo harufu ikaingia dirishani. Pua yangu imeishi na harufu hiyo tangu ujana. Petroli.

Nilipaswa kupiga kelele hapo hapo. Neno "Acha" ni fupi, na dirisha lilikuwa wazi. Hakukuwa na hatua kumi kati yetu.

Sikusema. Na sababu yenyewe naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine anayeijua. Nilikuwa natafuta la kumwambia. Nilitaka liwe kali. Nilitaka sentensi ambayo angeikumbuka mpaka uzeeni. Nilikuwa nimeshapata mwanzo wake, kitu kuhusu pasi na makaa, nikawa naiweka sawa kichwani, naionja, na brashi yake ilikuwa na kichwa cha bati, na akaigusisha kati ya kichwa cha betri na chuma cha injini.

Cheche haikuonekana. Kilichoonekana ni hewa yote juu ya injini kugeuka rangi. Halafu mlio, kama mtu amekung'uta shuka kubwa.

Alirudi nyuma na mkono wa kulia unawaka mpaka kiwikoni. Shati lile. Hakupiga kelele, alikuwa anautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nami ndipo sauti ikanitoka, nikaita jina la binti yangu, nikapiga kelele, "Mchanga! Maji hapana, mchanga!"

Alitoka jikoni na kanga mbichi aliyoianua kwenye kamba, akamzungushia mumewe mkononi, akamsukuma chini. Kisha akashika karai. Kulikuwa na lundo la mchanga uliolowa kando ya ukuta unaojengwa. Alimwaga karai la kwanza, la pili, la tano. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania nondo za dirisha namwambia "kushoto, kushoto, palipo na bomba," na huo ndio msaada wote niliotoa. Mjuaji alisimama upande wake wa ukuta, mikono kiunoni, akisema yeye alishauri petroli kidogo tu.

Moto ulizimika. Binti yangu alimketisha mumewe kwenye ngazi, akaumwagilia mkono maji safi ya bomba kwa muda mrefu, anahesabu dakika kwa sauti ya kazini, sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nyusi za mkwe wangu zilikuwa zimekwenda. Kisha wakaondoka kwa gari la mtu aliyekuwa akipita.

Saa kumi walirudi, mkono umefungwa bandeji kuanzia vidoleni. Binti yangu akaja mlangoni kwangu, macho mekundu.

"Baba, ulikuwa hapo dirishani. Hukumwona?"

Kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu akasema kutoka nyuma yake, "Aliniita. Aliniambia niache. Mimi ndiye sikusikia."

Binti yangu akaja akanikumbatia. Alinukia dawa na moshi. Akasema, "Pole Baba, umeshtuka." Nami nikampigapiga mgongoni, nikakubali pole yake.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Sikula.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemsikia asubuhi akijaribu kupiga pasi kwa mkono wa kushoto. Pasi inagonga meza, inasimama, inagonga tena. Alitoka kwenda kazini na shati lenye mikunjo mgongoni. Kwa mwezi mzima nilikuwa nangoja kuliona jambo hilo. Nimeangalia pembeni.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Nilikuwa namwita mnyonge kwa sababu hajibu. Leo nimekaa nikijaribu kukumbuka ni lini mimi nilinyamaza kwa faida ya mtu mwingine. Nimekumbuka kunyamaza kwingi. Faida ilikuwa yangu.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia.

Mumewe alikuwa amelala. Binti yangu alikuwa sebuleni anakunja nguo, nikaja na gongo langu, nikakaa mbele yake.

"Sikumwita," nikasema. "Nilinusa petroli na sikumwita. Na ile mara ya kwanza, alikuja kuniuliza. Na daftari. Nikamwambia kwa maji."

Aliendelea kukunja. Shuka moja, foronya mbili. Nilidhani hakusikia.

"Kwa nini hukumwita?"

"Nilikuwa natafuta neno la kumdhihaki."

Sasa akaacha. Alinitazama kama ninavyofikiri anavyowatazama wagonjwa anaojua hawatapona.

"Vijana wa karakana kwako, ulikuwa unawajibu hivyo pia?"

"Wote."

"Wangapi, Baba?"

"Thelathini. Zaidi."

"Ulilazwa siku kumi na sita," akasema. "Nilikuwa nakaa pale mlangoni kila jioni kwenye saa ya kutazama wagonjwa, nikiwangoja. Nilidhani labda hawajapata habari. Nikawapigia simu, wale niliokuwa na namba zao. Walikuwa na habari."

Akachukua nguo zake akaenda chumbani.

Jumatatu, 15 Aprili

Hakuna.

Jumamosi, 20 Aprili

Binti yangu ananiletea chakula, anaweka, anaondoka. Daktari wa mazoezi amesema naendelea vizuri ajabu. Nimemwambia ahsante. Akashangaa, akadondosha kalamu.

Ijumaa, 26 Aprili

Fundi wa umeme wa magari amekuja kubadilisha nyaya zilizoungua na bomba moja la mpira. Ni mwanamke mfupi asiye na maneno. Nilitamani kumtia kasoro, nikakosa pa kuanzia, na jambo hilo limeniudhi kuliko kasoro yenyewe. Akasema, "Msiiwashe kabla hamjaiosha vizuri. Mchanga huu ukiingia kwenye mkanda, mtaniita tena." Akamtazama mkwe wangu, akanitazama mimi, akauliza, "Kuna anayejua kuosha?"

Mkwe wangu akautazama mkono wake.

"Mimi najua," nikasema.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua zimepungua, na leo kulikuwa kukavu tangu alfajiri. Saa tatu nilitoka nje na gongo langu, nikakalia kigoda mbele ya gari. Mkwe wangu alikuja na glavu za mpira. Mkono wa kulia sasa hauna bandeji. Ngozi ni mpya, ya waridi, imevutika, na vidole viwili bado havikunjiki vizuri. Akatoa kile kijidaftari.

"Huna haja ya kuandika," nikasema. "Nitasema moja moja, nawe unafanya."

Akakirudisha mfukoni. Nikamwambia aguse injini kwa kiganja, maana hiyo ndiyo inayoamua. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, rudi ndani ukanywe chai. Ilikuwa baridi. Nikamwambia achomoe betri, aanze na waya wa hasi. Afunge mifuko ya nailoni kwenye alteneta, sanduku la fyuzi, koili na mdomo wa hewa, ashike kila fundo avute aone kama linalegea. Aukung'ute mchanga mkavu kwa brashi ya nywele laini kabla ya tone lolote la maji, maana mchanga ukilowa unajificha. Asogeze gari mbali na mfereji, amwage vumbi la mbao chini linywe grisi itakayoshuka. Binti yangu ndiye aliyeenda kuliomba kwa seremala, akaliweka mlangoni bila kunisemesha.

Kisha sabuni ya grisi, ile inayochanganywa na maji. Kuanzia chini kwenda juu. Dakika kumi kivulini, isikauke. Alipiga brashi kwa mkono wa kushoto, pembe kwa pembe, bila pupa. Ni mtu wa pasi kweli. Haruki mkunjo. Vijana wangu thelathini na zaidi, hakuna hata mmoja aliyekuwa na subira ile, au labda walikuwa nayo wakaiacha getini wakiniona.

Grisi ilishuka nyeusi, halafu kahawia, na chuma kikaanza kuonekana. Tulikuwa tumefika kwenye kusuuza, kwa mpira wa kawaida na maji ya kutiririka tu. Nikaona ndio wakati.

"Mkwe," nikasema, "siku ile ulinisitiri. Sijakushukuru."

Hakuinua kichwa. Alikuwa anafuatisha maji kando ya kifuniko cha injini.

"Baba, sikukusitiri wewe," akasema. Sauti ilikuwa ileile, ya kusogeza chumvi. "Nilikuona dirishani. Nilikuona unanitazama, na mdomo umeufungua nusu. Mke wangu alikuwa ameshaikosa ile nafasi wiki chache kabla, na mimi nimeungua. Nikaona siku hiyo asimpoteze na baba. Ni hilo tu. Wewe binafsi sikuwa na nia ya kukusaidia, na mpaka leo sijui kama ninayo."

Katika miaka yangu yote nimewatukana watu kwa namna nyingi, na ninajua uzito wa tusi. Hili halikuwa tusi. Alikuwa ananieleza hali ya kitu, kama fundi anavyomweleza mwenye gari. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii, nilimwona mtu ndani ya lile shati, na alikuwa amenipima, na vipimo vyake vilikuwa sahihi.

"Ni haki," nikasema.

"Niendelee upande huu?"

"Endelea. Punguza maji, hapo kuna soketi ya umeme."

Akapunguza.